Mgeni na Jembe la Mwenyeji: Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya Kuipa Mashine Pepe Diski Halisi

Ikisiri

Miongozo inayoeleza namna ya kuipa mashine pepe diski halisi ya seva hutegemea kitenzi kimoja: diski "hupitishwa" kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mgeni. Makala haya yanahakiki kitenzi hicho. Hoja inayojengwa ni kwamba kupita ni neno la njia, ilhali hatari kubwa katika kazi hii imo katika umiliki: ni nani mwenye haki ya kuiandikia diski kwa wakati fulani. Kwa kulinganisha taratibu za QEMU na libvirt, Proxmox VE, Hyper-V na VMware, na kwa kurejelea mfumo wa VM/370 wa IBM wa mwaka 1972, makala yanaonesha kwamba neno moja limebebeshwa maana zaidi ya moja na kwamba hatua ya mwenyeji kuiachia diski huachwa nje ya maelezo. Istilahi nne za Kiswahili zinapimwa, na kitenzi kukabidhi kinapendekezwa pamoja na mfano wa maelekezo yanayokifuata.

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Mwongozo wa kiufundi huonekana kuwa nje ya mipaka yake, kwa kuwa inadhaniwa kwamba maandishi ya aina hiyo hayana mtindo wala mtazamo. Yana hatua tu za kufuatwa. Dhana hiyo ina udhaifu. Mwongozo huchagua vitenzi, humpa kila mhusika nafasi yake, husema baadhi ya mambo na kunyamazia mengine. Msomaji wa riwaya akipotoshwa na sitiari, hasara yake ni tafsiri finyu. Msimamizi wa seva akipotoshwa na sitiari, anaweza kupoteza kumbukumbu za wanafunzi, hesabu za ushirika au majalada ya wagonjwa kwa amri moja.

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ilimlenga mtu aliyeketi mbele ya skrini akifungua, akihifadhi na kuchapa faili. Anayesimamia seva ana mahitaji mengine. Yeye haoni menyu. Anaandika amri, na amri hiyo haimuulizi mara mbili. Kwa huyu, istilahi ni sehemu ya vifaa vya usalama. Mada ya kuipa mashine pepe diski halisi imechaguliwa hapa kwa sababu ndipo udhaifu wa istilahi unapogeuka kuwa uharibifu wa data kwa njia iliyo wazi kabisa.

2. Mwenyeji, mgeni na mwenye mamlaka

Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji; ile inayoigizwa huitwa mgeni. Kila mmoja ana mfumo endeshi wake na kiini chake. Kati yao kuna programu simamizi inayogawa kichakato, kumbukumbu na diski. Katika mazingira ya Linux, kazi hiyo hufanywa kwa kawaida na QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003, ikishirikiana na KVM, iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliweka masharti matatu ya programu simamizi: programu zitende ndani ya mashine pepe sawasawa na zinavyotenda kwenye mashine halisi, sehemu kubwa ya amri zitekelezwe moja kwa moja na kichakato, na msimamizi abaki na udhibiti kamili wa rasilimali. Sharti la tatu ndilo la msingi katika mjadala huu. Mgeni anapopewa diski halisi, msimamizi anaachia sehemu ya udhibiti huo kwa hiari. Kitendo hicho ni cha kimamlaka kabla ya kuwa cha kiufundi, na lugha inayokieleza ilipaswa kukionesha hivyo.

Jozi ya mwenyeji na mgeni inaingia katika Kiswahili bila taabu, na imebeba maadili yake. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hueleza kwamba mgeni asigeuke mzigo. Hata hivyo, ina upande wa pili usiotajwa sana: jembe likishakuwa mikononi mwa mgeni, mwenyeji hawezi kulima kwa jembe hilo hilo. Atasubiri lirudishwe au atatafuta jingine. Huu ndio ukweli ambao miongozo mingi ya diski hushindwa kuusema kwa sentensi moja.

3. Neno moja, vitendo viwili

Istilahi ya Kiingereza, ambayo kimatamshi inaweza kuandikwa pasithruu, ina maana ya kupita moja kwa moja hadi upande wa pili. Ili kuona uzito wake, ni vyema kwanza kuutazama utaratibu wa kawaida ambao neno hili halihusiki nao. Kwa kawaida mgeni hapewi diski. Hupewa faili kubwa lililohifadhiwa kwenye diski ya mwenyeji, kwa mfano la umbizo la qcow2, naye huliona faili hilo kuwa ni diski nzima. Hali hii inafanana na kupangisha chumba: mwenye nyumba anajua chumba kilipo, anaweza kukipiga picha ya hali yake na anaweza kukihamisha na vilivyomo.

Pasithruu huanza pale mgeni anapopewa kifaa chenyewe, na hapa neno hilo moja hutumika kwa vitendo viwili tofauti.

Kitendo cha kwanza ni kumpa mgeni diski nzima kama kifaa cha bloku. Katika libvirt hufanywa kwa kuandika katika usanidi wa mashine kwamba aina ya diski ni "block", kisha kutaja njia ya kifaa. Katika Proxmox VE hutumika amri ya qm set ikifuatiwa na njia hiyo. Jambo linalosahaulika ni kwamba hapa mwenyeji hajaondoka. Kiini chake ndicho kinachozungumza na diski. QEMU hupokea maombi ya mgeni na kuyafikisha. Ndiyo maana mgeni akiuliza jina la diski yake, katika usanidi wa kawaida hujibiwa QEMU HARDDISK badala ya jina la kiwanda, na taarifa za afya ya diski hazimfikii. Libvirt ina chaguo jingine, "lun", linaloruhusu amri za SCSI za mgeni zifike kwenye kifaa chenyewe. Hata hivyo, njia bado ni ile inayopita kwa mwenyeji.

Kitendo cha pili ni kumpa mgeni kidhibiti kizima, yaani kadi ambayo diski zimeunganishwa nayo. Hili huhitaji kichakato chenye IOMMU, ambayo Intel huiita VT-d na AMD huiita AMD-Vi. Katika Linux hufanywa kupitia VFIO, iliyoingia kwenye kiini toleo la 3.6 mwaka 2012. Hapa mwenyeji huondoka kweli. Kiendeshi chake huachia kadi, diski zote zilizo juu yake hutoweka machoni pake, na mgeni huona majina halisi, namba za kiwandani na taarifa za afya. Ikiwa diski ya kuwashia mwenyeji iko juu ya kadi hiyo hiyo, mwenyeji atakuwa amejinyang'anya nyumba.

Vitendo hivi viwili vina matokeo yanayopingana. Katika kimoja mwenyeji anaendelea kuiona diski na anaweza kuigusa. Katika kingine hana uwezo huo. Kuviita kwa jina moja kunamfanya mwanafunzi aliyejifunza usalama wa kitendo cha pili audhani kuwa upo pia katika cha kwanza. Hapo ndipo ajali huzaliwa.

4. Kimya cha miongozo

Mifumo ya faili kama ext4, XFS na NTFS imejengwa juu ya dhana kwamba kiini kimoja tu kinaitumia diski kwa wakati mmoja. Kiini hicho huhifadhi katika kumbukumbu picha ya mpangilio wa diski: nafasi zipi zimejaa, zipi ni tupu, faili lipi liko wapi. Mwenyeji na mgeni wakiipachika diski moja kwa pamoja, kila mmoja huwa na picha yake na huiamini. Mwenyeji huandika mahali anapodhani ni patupu, ilhali mgeni ameshapatumia. Hakuna onyo linalotolewa papo hapo. Uharibifu hugunduliwa baadaye, faili linapofunguka likiwa na maudhui ya faili jingine, au mashine inapokataa kuwaka. Mifumo kama GFS2 na OCFS2 ilibuniwa mahususi kwa matumizi ya pamoja. Hiyo ya kawaida haikubuniwa hivyo.

Wengine hujitetea kwamba watasoma tu bila kuandika. Utetezi huo hautoshi. Mfumo wa ext4 ukikuta daftari lake la mabadiliko halijafungwa vizuri, huyatekeleza mabadiliko yaliyomo hata pale diski inapopachikwa kwa kusoma tu, isipokuwa msimamizi akataze kwa chaguo maalumu. Aidha, mwenyeji anaweza kuigusa diski bila kuamriwa na mtu. LVM ya mwenyeji inaweza kuchunguza diski zote inapowaka, ikatambua makundi ya hifadhi yaliyoundwa na mgeni na kuyaamsha, isipokuwa iwekewe mipaka.

Mbele ya hatari hii, mifumo hutofautiana kimtazamo. Hyper-V humtaka msimamizi aiweke diski nje ya matumizi ya mwenyeji kabla ya kuiunganisha na mgeni. Uachiaji ni sharti la utaratibu wenyewe. Kwa upande wa QEMU juu ya Linux, katika usanidi wa kawaida hakuna kinachomzuia msimamizi kupachika diski ambayo mgeni anaitumia. Kufuli zilizoingizwa katika QEMU 2.10 mwaka 2017 hulinda mchakato mmoja wa QEMU dhidi ya mwingine. Hazimzuii mwenyeji mwenyewe kupachika. Kwa hiyo, pale ambapo programu haikatazi, maneno ya mwongozo ndiyo kinga iliyobaki. Maneno hayo yakisema tu kwamba diski "inapita", kinga hiyo haipo. Kitu kinachopita hakimwachi mtu mikono mitupu: maji hupita bombani na bomba likabaki, msafiri hupita kijijini na kijiji kikabaki. Kitenzi hakimlazimishi mwenyeji kuachia chochote.

Kimya cha pili kinahusu jina la diski. Maelekezo mafupi hupenda kutaja /dev/sdb, kwa kuwa ni fupi na hukumbukwa. Jina hilo hutolewa kwa mpangilio ambao kiini kimezigundua diski wakati wa kuwaka. Diski ikiongezwa au waya ikihamishwa, sdb ya leo inaweza kuwa sdc ya kesho, na mgeni akapewa diski isiyo yake. Njia iliyo chini ya /dev/disk/by-id hutokana na muundo na namba ya kiwandani ya diski, kwa hiyo humfuata mhusika popote alipo. Tofauti yake ni ile iliyopo kati ya kumwita mtu "wa pili kwenye foleni" na kumwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ukabidhi unahitaji jina la namna ya pili. Katika hili mwongozo wa Proxmox VE unastahili sifa, kwani humwelekeza msomaji kwenye by-id tangu mwanzo.

Kimya cha tatu kinahusu gharama. Diski iliyotolewa kwa mgeni hufungamana na seva moja. Mashine pepe haiwezi kuhamishiwa kwenye seva nyingine kwa urahisi. Katika Hyper-V mashine yenye diski ya namna hii haipigwi picha ya hali, na katika VMware hali ni hiyo hiyo kwa diski iliyounganishwa kwa mtindo wa upatanifu wa kimwili, tofauti na ule wa upatanifu pepe. Nakala za akiba zinazotegemea picha hizo haziigusi diski hiyo. Anayeambiwa kwamba diski "imepitishwa" hana sababu ya kushuku kwamba jukumu la nakala za akiba limehama pamoja nayo. Anayeambiwa "amekabidhiwa" anayo sababu.

5. Istilahi nne kwenye mizani

Kabla ya kuchagua, inafaa kukumbuka kwamba fani hii iliwahi kuwa na neno bora zaidi. Katika VM/370, mfumo wa mashine pepe uliotangazwa na IBM mwaka 1972, kifaa halisi kilitolewa kwa mashine pepe kwa tamko lililoitwa DEDICATE, yaani kutenga kitu kwa ajili ya mmoja pekee. Neno hilo linahusu umiliki. Lugha ya kupita iliyotawala baadaye si maendeleo. Ni upungufu uliozoeleka.

Istilahi ya kwanza inayoweza kupendekezwa ni kupitisha. Inafuata Kiingereza kwa karibu na itaeleweka na waliosoma kwa lugha hiyo, lakini inarithi kasoro zote zilizokwisha kuoneshwa. Zaidi ya hayo, katika Kiswahili kupitisha lina maana ya kuidhinisha, kama bunge linavyopitisha muswada. Msomaji anaweza kudhani diski imekaguliwa na kukubaliwa.

Ya pili ni kuweka wakfu, ambayo ndiyo tafsiri ya karibu ya neno la IBM. Ina nguvu katika jambo moja: aliyeweka wakfu hana tena haki ya kukitumia kitu kama mali yake. Lakini wakfu haurudi. Diski hurudi kwa mwenyeji pale mgeni anapozimwa na usanidi kuondolewa. Pia neno lina uzito wa kidini usiostahili kushushwa hadi kwenye seva.

Ya tatu ni kuazimisha. Hili lina hoja nzito, kwa kuwa Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Aliyekopa fedha hurudisha fedha nyingine zenye thamani ile ile. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Diski halisi huazimwa, haikopwi. Vikwazo ni viwili. Kitenzi azima chenyewe kinaweza kumrejelea mtoaji na mpokeaji vilevile, jambo linalorudisha utata wa umiliki uliokuwa ukikimbiwa. Na uazimishaji hukaribiana mno kimatamshi na uadhimishaji, hasa kwa wazungumzaji wa maeneo ambako sauti /dh/ hutamkwa /z/. Istilahi ya kanda nzima haiwezi kupuuza masikio ya sehemu ya kanda hiyo.

Ya nne ni kukabidhi. Katika ofisi za Afrika Mashariki, makabidhiano ni utaratibu unaojulikana. Huwa na orodha, huwa na tarehe, huwa na anayetoa na anayepokea, na anayetoa hukoma kutumia alichokitoa. Yanaweza kubatilishwa kwa makabidhiano mengine ya kurejesha. Jukumu la kutunza humwendea aliyepokea. Hakuna hata sifa moja kati ya hizi isiyohitajika katika usanidi wa diski. Kitenzi hiki pia hulazimisha kutajwa kwa kinachokabidhiwa, na hivyo huondoa ule mchanganyiko wa vitendo viwili: kuna ukabidhi wa diski, na kuna ukabidhi wa kidhibiti.

Pingamizi moja linastahili jibu. Inaweza kusemwa kwamba katika ukabidhi wa diski mwenyeji bado anabeba maombi ya mgeni, kwa hiyo hajakabidhi kikamilifu. Ni kweli kwamba anabeba. Lakini tarishi anayepeleka barua za ofisi aliyokwisha kuikabidhi hana haki ya kuzifungua. Pingamizi hili linaimarisha kitenzi, kwa kuwa linaonesha ni wapi hasa onyo liwekwe: mwenyeji ana uwezo wa kuigusa diski, ila hana ruhusa.

6. Mfano wa maelekezo

Istilahi hupimwa kwa sentensi zinazoweza kuandikwa nayo. Maelekezo ya ukabidhi wa diski juu ya Linux yangeweza kusomeka hivi:

Kwanza, mtambue anayekabidhiwa na kitu kinachokabidhiwa. Andika jina la mashine pepe na njia kamili ya diski iliyo chini ya /dev/disk/by-id, kisha linganisha namba yake na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe.

Pili, mwenyeji aiachie diski. Pachua sehemu zake zote, ondoa mstari wake katika faili la /etc/fstab, na uiwekee LVM ya mwenyeji mpaka ili isiichunguze.

Tatu, kabidhi. Iongeze diski katika usanidi wa mgeni kwa njia ile ile iliyoandikwa katika hatua ya kwanza, kamwe si kwa jina la sdb.

Nne, mgeni athibitishe kupokea. Ndani ya mashine pepe hakikisha ukubwa wa diski ni ule uliotarajiwa kabla ya kuandika chochote, na upange nakala za akiba kutoka ndani ya mgeni.

Tano, wakati wa kurejesha, mzime mgeni kwanza, ondoa diski katika usanidi wake, ndipo mwenyeji aiguse.

Hatua hizi tano hazina ufundi mpya. Amri zake ni zile zile zinazopatikana katika miongozo ya kawaida. Kilichobadilika ni kwamba hatua ya pili na ya tano, ambazo lugha ya kupita huziacha, haziwezi kuachwa na lugha ya kukabidhi. Makabidhiano yasiyo na kuachia wala kurejesha si makabidhiano, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili analijua hilo bila kufundishwa kompyuta.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba istilahi ya kupita, licha ya kuzoeleka, inaficha jambo ambalo msimamizi wa seva anahitaji kulijua kuliko jingine lolote. Imeoneshwa pia kwamba Kiswahili hakilazimiki kufuata upungufu huo, kwa kuwa kina msamiati mpana wa kutoa na kupokea: kupangisha, kukopesha, kuazimisha, kuweka wakfu, kukabidhi. Kila kitenzi kati ya hivi kina sheria yake kuhusu nani anabaki na haki gani, na sheria hizo zinajulikana Bujumbura kama zinavyojulikana Mombasa.

Kazi iliyo mbele ya mabaraza ya lugha na vyuo vya kanda ni kuacha kuuliza tu neno la Kiingereza linatafsiriwaje, na kuuliza kwanza kitendo chenyewe ni kitendo gani baina ya nani na nani. Kwa diski, jibu liko wazi. Mgeni amepewa jembe. Mwenyeji na aliache shambani mpaka lirudishwe.